Eda ya Bibi Ilikuwa Mkekani

Wiki hii mteja mmoja amegonga tena, akauliza kama chai ya bibi itarudi. Nikamwambia bibi ameshazikwa. Akasema anajua, yeye anauliza chai. Nilifunga mlango, rafiki yangu, nikakaa sakafuni, na harufu ya tangawizi iliyobaki kwenye mbao ikanirudisha mwaka ule volkano ilipoingia mjini.

Nilikuwa shule ya msingi. Asubuhi tulichota maji ziwani kwa mabido, yale madumu ya manjano, tukarudi tukichechemea juu ya mawe meusi, na uani palinuka sambaza, vile visamaki vya ziwa, alivyokaanga jirani yetu, mama Mkatoliki wa upande wa Bukavu. Ukuta wa mbao ulitutenganisha: sisi tulisikia rozari yake, yeye alisikia dua zetu. Wazee wetu walikuwa Waislamu kutoka Maniema. Babu, dereva wa lori, alikuwa ameuawa barabarani karibu na Rumangabo. Waasi au wezi? Hakuna aliyetuambia, na mpaka leo nauliza. Bibi alikuwa katika eda, ile miezi ambayo mjane hatoki nyumbani kwa mumewe. Alishinda juu ya mkeka, uso umeelekea ukuta, na sisi watoto tulijifunza kupita bila kukanyaga ukingo wake.

Ndipo moto ukashuka kutoka mlimani. Barabara ilijaa magodoro, mbuzi, na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zikiwa na magunia juu. Hewa ilinuka kiberiti. Bibi akasema hatoki, eda haijaisha. Nilimvuta kitenge nikilia. Jirani akaingia bila hodi.

"Mama, eda yako iko ku mukeka, haiko ku nyumba. Simama nikunje."

"Weye Mukatoliki, nani alikufundisha?"

"Nakaa na nyinyi ukuta moja. Unawaza masikio yangu ni ya mbao?"

Bibi akasimama. Jirani aliukunja mkeka, akaubeba kichwani mwake mwenyewe.

Ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, tuliutandika kando ya ukuta wa shule. Bibi hakushuka mkekani. Lakini watu walipita na njaa, na jirani alikuwa amebeba unga. Bibi, ambaye wakati wote wa uhai wa babu hakuwahi kuuza kitu, akaanza kukanda mandazi palepale. "Kama mukeka ni nyumba, jiko ikuje ku mukeka," alisema, nasi tukacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa chini ya jiwe, ule moto ulioganda. Jiwe lilikuwa bado na joto. Tulianika nguo juu yake, tukalala mchana migongo ikiota joto. Hapo, juu ya mkeka, bibi alimalizia eda yake, na ilipokwisha hakuacha kuuza, mandazi kwanza, kisha chai ya tangawizi.

Miaka mingi baadaye sheikh alimweleza kwamba dini ilimruhusu kukimbia tangu mwanzo, na kwamba habari ya mkeka haimo katika kitabu chochote. Bibi alijibu tu, "Sheikh hakukuwa pale." Mimi niliyesoma chuo kikuu nimeichokonoa sana hiyo. Neno la kubuni limwinueje mtu aliyelemewa na msiba?

Sasa mji umebadilisha watawala tena. Ofisi yangu imefungwa, na tangu bibi afe nimekaa ndani nikingoja mambo yarudi yalivyokuwa, kana kwamba mimi pia nina eda. Mkeka uliisha kwa mvua na miguu ya wateja. Jirani alizikwa Bukavu. Jiwe lilipoa zamani, na juu yake wamejenga watu nisiowajua. Hakuna aliyebaki wa kuingia bila hodi.

Basi jana nilisimama mwenyewe. Nilitoa nje mbabula, lile jiko la bibi, nikapuliza makaa mpaka macho yakaniwasha. Chai ilitoka kali, tangawizi imezidi. Yule mteja akaonja, akakunja uso.

"Hii haiko ya bibi."

"Haiko," nikamjibu.

Akanywa hadi mwisho, kisha akanisogezea kikombe nimwongezee.