Dawa ya Kahawa kwenye Upele

Nesi Gwantwa alikuwa mwepesi wa hasira, na kazi yake haikumsaidia hata kidogo. Alizaliwa Ibaba, akasomea uuguzi, akapangiwa zahanati moja huku Igamba, na tangu hapo maisha yake yamekuwa kugombana na watu anaowapenda. Kila siku ya kliniki aliwaambia akina mama kwamba dawa ya wadudu wa kahawa isivuke mlango wa nyumba. Waliitikia vizuri sana, kama kwaya. Wakifika nyumbani wanainyunyizia kitandani kuua kunguni.

Asubuhi hiyo aliletewa Pendo, mtoto wa miaka sita, amefunikwa blanketi lenye harufu kali, anatetemeka mwili mzima, meno yamekaza, macho yamegeuka. Aliyembeba ni mama yake, Loisi, na kila mtu alimjua Loisi. Ndiye anayeongoza akina mama wa kanisani kukagua usafi nyumba kwa nyumba. Ukikutwa sufuria ziko chini badala ya kwenye kichanja, jina lako linasomwa Jumapili. Nyuma yake alikuja mama mkwe wake, anahema.

“Ni degedege,” bibi alisema kabla hajaulizwa. “Usimchome sindano, mwanangu. Mtoto wa degedege akichomwa hafiki jioni. Na maji yasimguse.”

Gwantwa hakuwa na muda wa kubishana. Alimlaza Pendo kwa ubavu, akampa diazepam, dawa ya kutuliza degedege, kwa njia ya haja kubwa, na kwa kuwa hakuna kilichochoma, bibi akamwachia. Baada ya muda mfupi mtoto akalegea. Akampima: malaria hana, joto la kawaida, sukari ya damu iko sawa. Basi degedege hii imetoka wapi?

“Mama Pendo, kuna dawa yoyote mtoto ameigusa au kuinywa?”

“Hakuna, nesi.”

“Shambani mnapuliza?”

“Baba yake ndiye anapuliza. Mtoto hafiki huko.”

Jibu lilikuwa limenyooka mno. Bibi alikuwa anatazama ukuta. Gwantwa alipiga simu kuita gari la wagonjwa, na hajaiweka chini Pendo akaanza tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Ikabidi atumie dozi ya mwisho iliyokuwa kabatini. Hapo uvumilivu ukamwishia. Akafunga mlango.

“Loisi, nimebaki mikono mitupu. Mimi sisomi majina ya watu kanisani. Mmempa nini huyu mtoto?”

Loisi akajifunika uso kwa kanga.

“Alikuwa na upele. Anajikuna mbele za watu, nesi, na mimi ndiye nawakagua wenzangu. Jana jioni tukachukua dawa ya kahawa, tukachanganya na mafuta ya mgando ili ishike, tukampaka shingo mpaka miguu.”

“Dawa gani? Inaitwaje?”

“Sijui. Iko kwenye chupa ya soda. Baba yake alipimiwa Tunduma.”

Gwantwa alitamani kupiga kelele. Ngozi yenyewe imekunwa mpaka vidonda, mafuta yanaisaidia sumu kupenya, sumu inafika kwenye ubongo. Na muda wote huu yeye anatuliza degedege huku mtoto bado amepakwa sumu chini ya blanketi. Hasira nyingine alijielekezea mwenyewe, maana ile harufu aliisikia, akadhani ni ya blanketi. Alivaa glavu, akamvua Pendo nguo zote, akazitia kwenye mfuko wa plastiki. Akamtazama kama mboni za macho zimesinyaa na kama mate yanamtoka kwa wingi, ili awaeleze hospitalini, maana sumu hizi hazitibiwi zote kwa namna moja.

“Nilisema maji yasimguse,” bibi alianza.

“Bibi, shika ndoo.”

Bibi akashika ndoo. Walimwosha kwa sabuni, wakarudia, kuanzia nywele. Bibi akapendekeza maziwa ya kukata sumu, na Gwantwa akajibu kwa ukali kuliko alivyokusudia kwamba hakuna kitu kupita mdomoni, na maziwa ndiyo kabisa, mafuta yake huenda yakazidisha balaa.

Pendo akafumbua macho, akalalamika kwamba maji ni ya baridi. Loisi akalia kwa sauti. Nje, mlio wa gari la wagonjwa ulishasikika likipanda kilima, na Gwantwa akahisi mabega yake yanashuka. Akaendelea kumsugua mtoto katikati ya vidole, palipojaa upele, na mkono wake ukasimama. Upele haukai kwa mtu mmoja.

“Pendo analala na nani?”

“Na mdogo wake, Tumpale.”

“Naye mlimpaka?”

“Tuliwapaka pamoja,” Loisi alisema.

“Yuko wapi?”

“Nyumbani. Tulimwacha amelala, ametulia kabisa. Tukamfungia mlango asisumbuliwe.”

Gwantwa alichukua kipande cha sabuni kilichobaki, akatoka mbio barabarani na glavu zake zinazovuja maji, akimpungia dereva asimame.