Wati Mia Sita za Kumfikia Adolf

Ukifika Ujiji ukapita nyuma ya soko na kuulizia kwa Mzee Urbanus fundi redio, utaelekezwa na mtu yeyote, na kabla hujashukuru utaulizwa kama Adolf hajambo. Usishangae. Mtaa mzima unamjua Adolf, japo anaishi Tabora na hajakanyaga Ujiji tangu astaafu. Wamemjulia kwenye sabufa ya Shadia, na hiyo nayo ina kisa chake.

Nianze mwanzo, maana habari za Urbanus ukizidakia katikati utasema mzee kachanganyikiwa, na hajachanganyikiwa hata kidogo. Yeye na Adolf walikuwa mafundi wa simu za reli pale stesheni ya Kigoma kwa miaka thelathini na mbili, benchi moja, birika moja la chai, bisbisi moja nzuri wakiigombania kama mitume. Walipostaafu kila mtu akakata leseni ya redio ya ridhaa, ile ambayo mtu anakaa chumbani kwake anaongea na watu wa mbali bila kutangaza biashara wala kuuza kitu. Kila Jumamosi saa kumi kamili jioni Urbanus anaita, Adolf anaitika. Wanaongea mambo mazito: mvua, magoti, nani kazikwa, na nani hasa aliyeunguza swichi ya Uvinza mwaka ule. Miaka tisa wameongea hivyo kwa kiredio cha wati ishirini na hakuna aliyelalamika.

Mwaka wa kumi Adolf akaanza. Hukamatiki vizuri, Urbanus, ongeza kidogo. Majibu yake nayo yakawa yanachelewa. Unamuuliza habari za mvua, anakaa kimya kitambo, ndipo anajibu. Urbanus akajua tatizo ni jua. Aliueleza mtaa kwamba jua lina madoa, na mwaka ambao madoa yamekaa vibaya mawimbi ya redio yanalegea huko angani. Watu waliitikia kwa heshima wakaendelea na shughuli zao. Mkewe, Melania, alimwambia si umpigie simu tu. Alikwishapiga. Adolf alipokea, akasema haloo, haloo, haloo, akakata. Kwa Urbanus huo ukawa ushahidi kwamba hata mitandao ya simu imeoza.

Sasa, Urbanus si mtu wa kuambiwa "ongeza" akalala usingizi. Akaunda amplifaya, yaani mashine inayopokea nguvu ndogo kutoka redioni na kuipeleka kubwa kwenye antena. Ya kwanza ilitoa wati mia moja, akaiita Dagaa, na zilizofuata nazo akazipa majina ya samaki wa ziwani kwa ukubwa wao. Adolf akasema afadhali, lakini ongeza. Ikaja Mgebuka, wati mia mbili na hamsini. Adolf akashukuru, akasema ongeza tena. Hapo ndipo Urbanus alipokunja mikono ya shati na kumuunda Sangala, wati mia sita, na kazi ile ilimla miezi minane. Transfoma aliitoa kwenye oveni mbovu ya maikrowevu iliyotupwa na hoteli moja. Koili aliisokota kwa bomba la shaba la friji. Fundi bati alimkunjia sanduku, feni zilitoka kwenye kompyuta zilizokufa, na valvu nne za kioo, kila moja kubwa kama limao, zilikuja kwa posta zimevingirishwa soksi. Ndani ya Sangala kulikuwa na volti elfu mbili, kwa hiyo Urbanus alifanya kazi kwa mkono mmoja, wa kushoto ameuzamisha mfukoni, kama wanavyofanya mafundi wanaotaka kuzeeka. Melania alizoea kumwona hivyo akawa anamuuliza amepoteza nini mfukoni.

Sangala alipowashwa, Adolf alifurahi mno kule Tabora. Aliyepata taabu ni Shadia.

Shadia ana saluni upande wa pili wa ukuta, na kwenye saluni ana sabufa. Kila Jumamosi saa kumi muziki ulikatika, sabufa ikaanza kuongea kwa sauti ya Urbanus. Ya Adolf haikusikika, ya Urbanus tu, kwa hiyo wasuka nywele na wasukwaji walipata nusu ya mazungumzo na wakalazimika kuitunga nusu nyingine wenyewe. Walibishana wiki nzima juu ya goti la Adolf. Wapo waliomwombea. Lakini siku moja Shadia alikuwa na bibi harusi kwenye kiti, mashangazi sita wamekaa pembeni na vitenge vya sare, na sabufa ikauliza kwa nguvu zote kama ile dawa ya mkojo imesaidia au bado panachoma. Bibi harusi aliangua kicheko. Mashangazi hawakucheka. Shadia, ambaye hana ugomvi na mtu, aliandika barua kwa ofisi inayosimamia mawasiliano.

Jibu lilikuja kwa Urbanus: Jumamosi inayofuata, saa tisa alasiri, atakuja mkaguzi. Mashine ikionekana inachafua vifaa vya majirani, leseni itafutwa. Urbanus aliisoma mara nne. Mashine unaweza kuunda nyingine, lakini bila leseni hakuna Jumamosi, na bila Jumamosi hakuna Adolf. Chakula kikamshinda. Aliingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuwa nayo hata wakati wa kupunguzwa kazini.

Akajipanga. Aliongeza koili za kuchuja, akazika vyuma vitatu vya ethi ardhini, akafunga upya kila waya. Kilichobaki ni mzigo bandia. Mashine ya namna ile haijaribiwi hewani, ukasumbua dunia nzima; unaifunga kwenye rezista kubwa iliyozamishwa kwenye kopo la mafuta, nguvu yote inageuka joto, mafuta yanalimeza joto, na nje hakitoki kitu. Mafuta yenyewe ni ya transfoma. Jamaa mmoja wa sokoni alimnong'oneza kwamba dumu lipo. Urbanus akamfukuza kwa maneno makali, maana kila mtu anajua mafuta hayo yanavyonyonywa kwenye nguzo za umeme, kata nzima ikaingia gizani, halafu yanaishia kwenye makarai ya chipsi. Yeye ni mtu mwadilifu. Na mtu mwadilifu akikataa mafuta ya wizi, anachukua ya mke wake bila kumwambia.

Melania anauza mawese. Chini ya kitanda alikuwa ameficha dumu la lita tano za mawese mekundu, mazito, aliyoyatenga kwa kipaimara cha mjukuu. Urbanus alijiambia mafuta ni mafuta. Kama watu wanakaangia chipsi mafuta ya transfoma na hawafi, kwa nini transfoma isipozwe kwa mawese? Akajaza kopo la rangi, akajaribu dakika moja, yakapata uvuguvugu, akaridhika kabisa.

Mkaguzi alifika kwa wakati. Aliitwa Elinipa, binti wa Upare, hana mwaka tangu ahamishiwe Kigoma, na alikuwa na kipimo kwenye begi na fomu kwenye jalada. Alimpa mzee shikamoo, akakataa soda, akatega kipimo chake, akamtuma mtu akawashe sabufa ya Shadia, kisha akasema nguvu yote, dakika kumi, kwanza kwenye kopo aone kama uchafu unapita kwenye nyaya, ndipo antena ifuate.

Amplifaya ya namna hiyo haitoi kitu bila sauti, kwa hiyo Urbanus akashika maiki akaanza kupiga mluzi. Dakika ya kwanza, safi. Ya pili, safi, na sabufa ya jirani inaimba muziki wake bila neno moja la Urbanus. Elinipa akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Urbanus alitaka kuruka kwa furaha lakini angekatisha mluzi. Dakika ya nne ikaanza kunukia. Ya tano ikanukia zaidi, harufu nzito ya mawese yanayoiva, na wateja wa Shadia wakachungulia juu ya ukuta, wengine na vitana vichwani, kuuliza leo kuna shughuli gani. Ya sita kopo likaanza kunguruma taratibu.

Wakati huohuo Melania akaingia kutoka sokoni. Alisimama getini, akanusa mara moja tu. Mtu aliyeuza mawese miaka ishirini hahitaji kuoneshwa.

"Baba Bariki," alisema, "dumu langu liko wapi?"

Urbanus aliendelea na mluzi. Angefanyaje? Zilibaki dakika nne. Alimtazama mkewe kwa macho ya kuomba radhi, akipiga mluzi, akinyoosha vidole vinne. Melania akauliza mara ya pili, taratibu zaidi, na hiyo ndiyo sauti yake mbaya.

Jambo ambalo Urbanus hakulifikiria, na ambalo angeambiwa na mama yeyote wa Kigoma kama angeuliza, ni kwamba mawese ya kukamua nyumbani hayakosi maji chini. Maji yalichemka. Kopo lilitoa povu jekundu, likapasuka na kuruka hadi darini, rezista ikabaki uchi, ikakatika, na Sangala, amejaa nguvu isiyo na pa kwenda, akatoa mwanga wa zambarau, akalia kama bunduki, akafa. Valvu zote nne.

Elinipa alifuta tone jekundu kwenye fomu. "Mzee," alisema, "naomba nielewe. Hii ni amplifaya au ni jiko?"

Baada ya hapo alikuwa mwema. Mashine ilikuwa safi mpaka ilipofariki, alisema, na sasa haipo, kwa hiyo malalamiko nayo hayapo. Leseni inabaki. Urbanus alipaswa kufurahi, lakini alikuwa anatazama saa ya ukutani, imebaki dakika tatu kufika saa kumi, na alichobaki nacho ni kile kiredio cha wati ishirini. Akamweleza Elinipa kwamba kwa wati hizo Adolf hamsikii, ni mwaka wa pili sasa. Elinipa akaitazama antena kule juu ya mchikichi, akakunja uso. Kwa antena ile, alisema, wati ishirini zinafika Tabora na chenji inabaki.

Urbanus aliita bila matumaini. Akaita tena. Mara ya tatu ikaja sauti ya mwanamke, safi kuliko redio ya taifa.

"Baba mdogo, shikamoo. Ni mimi Catherine. Najua sina leseni ya kushika maiki, unisamehe. Uko mzima?"

Alikuwa binti wa Adolf. Elinipa aligeuka akaanza kukagua dari kwa makini sana.

"Mzima," alisema Urbanus. "Kwani mnanisikia?"

"Tunakusikia siku zote. Mpaka majirani wanakusikia. Baba ndiye hasikii, baba mdogo. Masikio yamekufa, huu mwaka wa pili. Mimi namwandikia maneno yako kwenye daftari, yeye anaangalia ule mshale wa redio. Ukiongea mshale unapanda, anasema Urbanus huyo, ana nguvu. Ndiyo maana anakwambiaga uongeze. Leo mshale umeishia chini, analia hapa, anasema kuna jambo limekupata."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alikataza. Alisema ukijua hasikii, utaacha kumwita."

Urbanus aliketi. Miezi minane ya Sangala. Volti elfu mbili, mkono mfukoni, mawese ya kipaimara, na jua la Mungu alilolisingizia mbele za watu, yote kwa ajili ya mtu asiyesikia. Alipandwa na hasira, na hasira haikukaa hata dakika. Alimwonea Adolf huruma. Melania alikuwa bado amesimama mlangoni na neno la dumu mdomoni, akaliacha.

Halafu akaja Adolf mwenyewe, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia sauti yao wenyewe.

"Urbanus. Leo umepungua. Unaumwa?"

Urbanus alisimama. Aliivuta maiki mpaka ikagusa meno, akajaza kifua, akapiga kelele kwa nguvu zote alizobakiziwa na miaka sitini na minane.

"Siumwi, Adolf! Nipo!"

Kisha kutoka Tabora, taratibu, kama mtu anayesoma kitu kwa mbali:

"Ehee. Umepanda. Haya, niambie habari za magoti."