Shingo ya Tela Nayo ni Mzigo

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyoona kiganja cha mama yangu kimebandikwa kwenye kioo cha nyuma cha pikapu yangu, na mimi siwezi kusimamisha gari. Nakusimulia leo kwa sababu Jumamosi unataka kulivuta lile banda lako la chipsi la magurudumu hadi Tongoni, na nimesikia shangazi zako wamekwishagawana nafasi za kukaa huko nyuma. Hebu kaa kwanza.

Wakati huo nilikuwa na umri wako, na kiburi kukuzidi, ingawa najua utabisha. Bwana Nasoro, jirani yetu wa Chumbageni, alinunua Mombasa nyumba ndogo ya magurudumu, ile ya kulala safarini. Ikaletwa hadi Horohoro, nasi tukaenda pamoja kuichukua, mimi niivute mpaka shambani kwake. Fundi Mbwana, aliyenifungia kile chuma cha kuunganishia tela, alitutazama nyumbani tukijiandaa kuondoka. Akafungua mlango wangu, akanionyesha kibati cha uzito kilichopigwa kwenye nguzo ya mlango.

"Soma hapa. Gari yako inavuta tani mbili na nusu, sikatai. Lakini mgongoni inabeba kilo mia saba tu. Hizo ni hesabu mbili mbalimbali."

"Tela si linabebwa na magurudumu yake, fundi?"

"Na shingo yake je, kile chuma cha mbele cha kufungia? Si italala juu ya gari yako? Hiyo peke yake ni kama magunia mawili ya mchele. Itoe, jitoe wewe, mtoe Bwana Nasoro. Kilichobaki ni watu wanne, tena bila mizigo."

Nikaitikia. Kuitikia hakukunigharimu kitu.

Tulipofika Duga nikawaona kando ya barabara: mama yangu, dada zake na mashoga zao, wanawake saba, wametoka harusini wanangoja basi. Wenyeji wao wamewasindikiza na zawadi za kuagwa, magunia mawili ya nazi, mkungu wa ndizi, mihogo na mbuzi. Mama alipolitambua gari la mwanawe alipiga kigelegele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mungu kakuleta!"

Sasa niambie, mwanangu, ungemwambia nini? Mbele ya wenyeji wake, umwambie mama aliyekuzaa kwamba hakuna nafasi? Zile zawadi uziache vumbini, watu wanatazama? Kwetu hilo lingezungumzwa mpaka wajukuu. Wakapanda, mizigo ikapanda, mbuzi akapanda. Mama mkubwa tukamweka mbele katikati yetu, na mama mwenyewe akakaa nyuma na wenzake. Niliona gari linakaa chini matakoni na pua inainuka, nikageuza uso. Bwana Nasoro akaninong'oneza, "Kijana, fundi alisema nini?" Nikamjibu kwamba gari langu lina nguvu.

Nguvu lilikuwa nayo kweli, na hiyo ndiyo iliyonidanganya. Kwenye tambarare lilivuta vizuri, ila usukani ulikuwa mwepesi mno mkononi, kwa kuwa magurudumu ya mbele yalikuwa yanaigusa barabara kwa shingo upande. Nikalijua hilo, nikazidi kwenda. Huko nyuma walikuwa wanaimba nyimbo za harusi.

Kisha tukaanza kuteremka kuelekea daraja la Amboni. Tela likaanza kuyumba, kidogo tu, kushoto na kulia. Nikakanyaga breki, likayumba zaidi, likawa linaliburuta gari kama mbwa aliyeng'ata nguo. Nakata usukani kulia, gari linaendelea kushoto. Nyimbo zilikatika. Bwana Nasoro alianza shahada. Nikatazama kioo cha nyuma, na hapo ndipo nilipokiona kiganja cha mama, kimefunguka wazi, kimebonyea kwenye kioo, hina ya harusi bado nyekundu. Niliogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa vile tena.

Nikaondoa mguu kwenye breki. Sikuongeza mafuta, nikaushika usukani umenyooka na kuacha gari lipungue lenyewe. Tukateremka hivyo, tela linatupiga huku na huku, daraja linakuja. Tulisimama hatua chache kabla ya daraja, gurudumu moja la mbele likiwa nje ya barabara na tela limekaa mshazari.

Hakuna aliyeumia. Nilizunguka nyuma nikimlaumu mwenye kutengeneza barabara, namlaumu na aliyetengeneza tela. Mama aliteremka taratibu, akajifunga upya kanga yake, akaniuliza, "Ulijua?"

Nikasema, "Nilijua, mama. Niliona haya kuwaambia."

Akasema, "Ungeniambia niteremke, ningekununia. Ningekununia mwaka mzima. Lakini ningekununia nikiwa hai."

Hakurudi garini. Wote walingoja basi pale pale, na zawadi zao, na mbuzi wao. Mimi nikamalizia safari na Bwana Nasoro, gari jepesi, machozi yananitoka mbele yake bila kificho.

Basi Jumamosi, kabla hujawasha gari, soma kibati cha mlangoni. Toa uzito wa shingo ya banda, jitoe wewe, toa mitungi ya gesi na madumu ya mafuta uliyopakia nyuma. Ukiona kilichobaki ni shangazi mmoja, panda na mmoja. Wengine waambie kwa adabu, uso kwa uso, wapande basi. Watakusema. Waache wakuseme.

Mama yangu alifariki kwa uzee, kitandani kwake, sisi wote tumemzunguka, na nilikishika kiganja kile mpaka kikapoa. Mwenyezi Mungu akujaalie nawe uwazike wazee wako hivyo, na akufikishe Tongoni salama wewe na utakaowabeba. Amina.