Maharage Kumi kwa Kila Kituo

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa mmoja wa wachache tulioandika programu za kompyuta katika shirika moja la mazao, Dar es Salaam. Mashine ilijaza chumba kizima, na taarifa ziliingia kwa kadi za kutobolewa matundu. Kila mkulima alikuwa na kadi moja, na kadi ilikuwa na nafasi themanini tu. Herufi moja, nafasi moja. Programu yangu ilichapisha orodha za wakulima kwa ajili ya vituo vya kununulia mahindi.

Malalamiko yalikuja kutoka kwetu, karibu na mpaka wa Kenya. Huku majina ni machache na yanazunguka ukoo hadi ukoo, hivyo katika orodha moja unakuta wanaume tisa wa jina lilelile, na karani hajui ampe nani stakabadhi. Kwa kuwa nilizaliwa Gorong'a, mkuu wangu alinituma mimi.

Nilikutana na makarani watatu wa mizani pale kituoni Nyamisangura: mwenyeji wa hapo, wa Gorong'a, na wa Nyambureti aliyekuja kwa lori la magunia. Nikawauliza wanataka orodha iweje. Walitaka kila kitu: jina la baba, la babu, kitongoji, aina ya mbegu, namba ya shamba, hata umbali kutoka barabarani. Kadi ilibakiwa na nafasi thelathini. Waliyoomba yangejaza kadi tatu. Nikawaeleza. Wakaitikia kwa vichwa, kisha wakaendelea kuomba.

Jioni nilimsimulia shangazi, aliyekuwa akiuza maharage pale sokoni. Alinisikiliza huku anapepeta.

"Umewaambia waombe tu," akasema. "Mtu akija kwangu na debe lake la wimbi abadilishane, anafikiri kwanza. Anajua likiisha, limeisha."

Nikamwomba maharage thelathini.

Asubuhi nikampa kila karani kumi. Harage moja, nafasi moja. Jina la baba lilihitaji kumi na tano, na hakuna aliyeweza peke yake. Kisha wa Gorong'a akayasukuma yake yote mezani, wa Nyambureti akaongeza matano. Kitongoji, alichokitaka huyo wa Nyambureti, kilihitaji kumi, naye alibakiwa na matano. Akamgeukia mwenyeji wetu.

"Ndugu, nipe matano, nikuletee magunia matupu hamsini. Najua umepungukiwa."

"Yasiyo na viraka?"

"Yasiyo na viraka."

Wakakubaliana. Mwenyeji akatumia matano yaliyobaki kwa namba ya shamba. Hakuna aliyetaja babu tena. Nilirudi Dar nikiwa na furaha, nikaandika programu kama walivyoamua.

Msimu wa kununua nikaenda Nyambureti kuona. Mstari ulikwenda vizuri, hadi alipofika mama mmoja wa rika langu na magunia sita. Mumewe alikuwa ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zake Kenya. Karani akamwambia hawezi kumpa stakabadhi. Jina kwenye orodha ni la mumewe, si lake.

"Nimelima mwenyewe," akasema. Akanigeukia. "Wewe ndiye wa mashine? Nafasi za hiyo kadi mligawana na nani?"

"Na makarani."

"Sisi tunaolima tulipewa ngapi?"

Niliona aibu, kwani hata mimi, mwanamke, sikuwa nimewakumbuka.

Nilikwenda naye ofisi ya kijiji, mwenyekiti akaandika barua kwamba anaruhusiwa kupokea. Karani akaikubali. Kisha nikamwomba karani aniachie nafasi moja kwenye kitongoji.

"Utakata jina la kwetu mwishoni," akalalamika.

"Herufi moja tu."

Akakuna shingo, akasema sawa. Nafasi hiyo ingebeba herufi M, maana yake mke naye apokee. Dar mkuu wangu aliuliza ni nani aliyeidhinisha. Nikamsimulia habari za yule mama. Alikaa na karatasi ya ombi langu wiki mbili, akasaini.

Msimu uliofuata nilipokwenda vituoni kuuliza wanataka orodha iweje, niliwaita kwanza wanawake waliokuwa kwenye mstari. Waliniomba mambo ambayo makarani hawakuwahi kuyawaza, na kazi yangu ikawa ngumu kuliko zamani.