Mwiko wa Bihogo

Niliondoka Bukoba kwa sababu sotoka ilikuwa imeanza kuua ng'ombe karibu na Kimwani. Idara ya mifugo ilikuwa imepata chanjo mpya: ugonjwa wenyewe, uliopitishwa ndani ya mbuzi mpaka ukali ukaisha. Tatizo lake ni joto. Nilipewa sanduku la barafu na onyo kwamba barafu ikiisha, dawa imekufa.

Kanazi, lori nililopanda lilisimama kupakia kahawa, na kila abiria akataka kugusa barafu. Ikabidi nilikalie sanduku hadi Muleba. Niliposhuka, suruali yangu ilikuwa imelowa mahali pa aibu kabisa.

Kutoka Muleba nilipanda baiskeli, sanduku likidondosha maji njia nzima.

Nilipofika Kimwani, ng'ombe walikuwa wamekusanywa kwa Ta Rwegasira, mkubwa wa ukoo. Alinipa kahawa ya kutafuna, akauliza dawa inatokana na nini. Kwa kimbelembele changu nikaeleza yote, hadi mbuzi.

Akatema kahawa. "Waitu! Mbuzi ni mwiko wa ukoo wetu. Umtie Bihogo mbuzi, halafu mimi ninywe maziwa yake?"

Bihogo alikuwa ng'ombe wake pekee, tena ana mimba, na migomba yote ya kibanja ilitegemea samadi yake. Nilisihi mpaka jasho likanitoka. Ndugu zake wakaanza kufungua kamba waondoke. Nikachungulia sandukuni: barafu imebaki kama ngumi. Niliogopa kweli.

Mkewe, Ma Koburungo, akatokea migombani na mundu mkononi.

"Bihogo alitoka kwa nani?"

"Kwa baba yako," mzee akajibu.

"Basi kaolewa hapa, kama mimi. Kwetu mbuzi tunakula. Mchome sindano, mwanangu. Maziwa, huyu atayaacha."

Ghafla kila ndugu akakumbuka kwamba ng'ombe wake naye alitoka ukweni. Niliwachoma wote, na barafu ikaisha nikiwa na wa mwisho.

Sotoka ilipopita, nilirudi kuwaona. Bihogo alikuwa mzima, ana ndama, na masharubu ya Ta Rwegasira yalikuwa meupe kwa maziwa.

"Mzee, na mwiko?"

"Ndama kazaliwa hapa, ni wa ukoo wangu," akasema, akijifuta. "Na maziwa ni ya ndama. Ananigawia."

Nilirudi Bukoba na somo moja. Siku hizi, kabla ya kufungua sanduku, nauliza kwanza ng'ombe ameolewa kutoka wapi.