Theluji ya Erastus Mukhwana

Mwaka ule wazungu walipofunga virago Lugari na mashamba yao yakakatwa vipande, Erastus Mukhwana wa Amalemba alibahatika. Kwenye kura kule Mautuma aliangukia kipande chenye kisima cha mzungu, kilichojengwa kwa mawe, maji mwaka mzima. Mtu mwingine angepiga magoti akashukuru. Lakini Erastus alikuwa mtu mwenye ujuzi, na ujuzi una gharama zake.

Ujanani aliwahi kuwabebea wazungu mizigo Mlima Kenya. Theluji aliishika kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo hakumpumzisha mtu. Ukimjulia hali, theluji. Ukimpa pole ya msiba, theluji.

"Wakati wa baridi inalala huko juu, tabaka juu ya tabaka," angesema. "Jua likiwaka inayeyuka pole pole. Mto wa theluji haukaukangi."

Basi asubuhi moja, hata msingi wa nyumba hawajachimba, Mlima Elgon ukatokea kileleni mweupe pe. Erastus akautazama mlima, akatazama kijito kilichopita shambani kwa jirani yake Kibiwott, kikitokea upande ule ule, akakata shauri wabadilishane vipande.

"Baba Sellah," mkewe Roda akamwambia, "usiache mbachao kwa msala upitao. Kisima tunakiona."

"Mama Sellah, wewe theluji umeiona wapi?"

Roda hakuwa ameiona popote. Kibiwott alipoletewa habari alikohoa kidogo, akatazama chini kwa adabu, akakubali kabla chai haijapoa. Ule weupe ulikuwa mvua ya mawe ya usiku tu. Kufika adhuhuri haukuwapo, lakini wakati huo Erastus alikuwa anahamisha vyombo, mlima kaupa mgongo.

Kiangazi kilipoingia, kijito kikawa njia ya mbuzi. Erastus akakifuata kwenda kuona theluji imekwama wapi. Hakufika mbali. Nyuma ya kilima alikuta kinamasi kilichokauka, na hapo ndipo kijito kilipoanzia. Mlima wenyewe ulikuwa mbali huko, wala haukujua kama duniani kuna mtu anaitwa Mukhwana.

Ng'ombe wao akakonda, mboga zikanyauka. Roda, mjamzito na miguu imemvimba, akawa anachota maji kwa Kibiwott kila siku. Erastus hakutia mguu huko kwa aibu. Mpaka asubuhi moja Roda akaketi kizingitini, akamwekea mumewe ndoo miguuni.

"Theluji ikifika utaniita," akasema. "Leo enda wewe."

Akaenda, kichwa chini. Njiani akamkuta mama mmoja mgeni, Jescah, aliyehamia juzi juzi, mtungi kichwani.

"Habari ya asubuhi, mzee. Kisima cha Mukhwana kiko wapi?"

Erastus akasimama. "Cha nani?"

"Cha Mukhwana. Kibiwott anakataanga kabisa kiitwe chake. Anasema mtu akikupa maji, usimsahau jina. Kila mtu hapa anamuombea huyo mzee. Wewe unamjua?"

Erastus akahamishia ndoo mkono wa pili. Nyuma yake Elgon ulikuwa mweupe tena, ila hakugeuka kuutazama.

"Namjua," akasema. "Nifuate, mama. Naenda huko huko."