Kumgeuza Mama

Niliporudi Nchelenge, wageni walijaa uani kwetu kwa siku tatu, na hakuna hata mmoja aliyetaka kujua Ujerumani kukoje. Walitaka kuona begi. Lilipofunguliwa wakakuta masweta na viatu vizito, wakamaliza togwa letu la munkoyo na kwenda zao. Jirani mmoja tu, mama wa kanisa mpaka kwenye kucha, aliniuliza nilifanya kazi gani huko. Nikamwambia kwamba mwaka mzima nilikuwa nikiwaosha wazee, nikiwavisha na kuwageuza kitandani, kwa kujitolea.

"Kujitolea, ni kusema bure?"

"Bure."

Akawageukia wenzake. "Batu, mumesikia? Huyu alipanda ndege kwenda kupangusa matako ya bazungu. Bure!"

Walicheka mpaka mbwa akaamka. Niliwadharau wote. Na, tuseme ukweli, niliwadharau pia wale wazungu walionipa cheti na kunipigia makofi siku ya kuniaga, wakisema nina moyo wa pekee. Moyo gani? Niliacha shule darasa la saba. Nilikuwa nimekwisha kuzunguka Chienge, Pweto na Kilwa nikibeba magunia ya watu, na ile nafasi niliipata kwa sababu kijana aliyechaguliwa na parokia alioa ghafla. Nilitaka kuona tu. Nikisikia mlango umefunguliwa mahali, lazima nichungulie.

Kilichonitia wazimu ni mama. Alikuwa ameanguka nikiwa huko, upande wa kushoto ukafa, na hakuna aliyeniambia. Eti wasinisumbue. Mama ni mzaliwa wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Aliolewa upande huu, akauza samaki ufukweni miaka mingi, na ndiyo maana Kiswahili ni lugha ya nyumba yetu, ingawa ukivuka mlango ni Kibemba. Sasa alilala chali kwenye godoro tangu asubuhi mpaka jioni, kwa sababu dada yangu mkubwa, mchuuzi wa chisense, dagaa wakavu wa ziwani, alimgeuza wakati wa kumwosha tu. Nilipoingia chumbani sikuhitaji kuambiwa. Harufu ile naijua. Nilimuuliza dada kidonda cha mgongoni kina ukubwa gani, akaunganisha kidole gumba na cha shahada: mdomo wa kikombe.

"Ageuzwe kila baada ya saa mbili," nikasema. "Kikifika kwenye mfupa tutamzika."

"Nani amugeuze? Weye?"

"Mimi."

"Weye mwanaume, mutoto wake wa kuzaa, umushike kiuno?" Akatema mate mlangoni. "Kule kwa bazungu hakuna haya. Hapa ni nyumba ya batu."

Basi tukafanya upuuzi. Mimi nilisimama nje, nyuma ya pazia la dirisha, nikimfundisha dada aliye ndani. "Goti kwanza! Halafu bega!" Naye ananijibu, "Nyamaza, docteur," huku akimvuta mama kama anayepandisha mtumbwi mchangani. Nilimsikia mama akiguna. Shemeji yetu alileta mafuta ya maombi kutoka Lubumbashi, nikamwambia akakaangie chipsi. Hajanisalimia mpaka leo, na sijapungukiwa na kitu.

Kisha dada akaenda kisiwani Chisenga kununua samaki. Upepo ukachafuka, boti haikurudi. Jirani aliyeahidi kumwangalia mama, yule yule wa kanisa, alikuwa amekwenda msibani, kwenye chakula. Mpaka saa saba mchana mama alikuwa bado chali. Nikaingia.

"Mama, nikugeuze."

"Hapana."

"Nimewageuza wamama wengi kule. Hawakuona haya."

"Ulibauliza?"

Sikuwa nimewauliza. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye kila asubuhi aliufunika uso wake kwa kiganja mpaka nimalize. Nilidhani ni mazoea yake. Niliwahi hata kuwasimulia wenzangu kama kichekesho, nikamwigiza. Nilisimama mbele ya mama na cheti changu chote.

"Inauma," akasema, akitazama bati. "Kamata ile kitenge kubwa. Unifunike mpaka ku shingo. Na macho yako uyapeleke ku mulango."

Nikayapeleka mlangoni. Mikono ilifanya kazi juu ya kitenge, bila macho: goti nikalikunja, kiganja begani, nikamleta kwangu polepole, nikasukuma mto nyuma ya mgongo wake. Akashusha pumzi ndefu.

"Mikono ya mwanamuke," akasema. Sikujua kama ni tusi.

Dada alirudi kesho yake asubuhi, akamkuta mama amelala ubavu.

"Nani amekugeuza?"

"Huyu."

"Mama! Batu watasema nini?"

"Batu waniletee mugongo mwingine. Weye unanivuta kama wavu."

Dada alibaki amesimama na ndoo yake ya samaki. Niliona kwamba anataka kulia, na kwamba akilia atanipiga. "Basi nionyeshe, Muzungu," akasema.

Nikatandika mkeka, nikalala chali. "Mimi ni mama. Nigeuze."

Akanidaka mkono, akavuta, bega likalia.

"Si mkono! Goti!"

Alipojaribu tena nikageuka vizuri, mpaka mama akasema kutoka kwenye godoro: "Anakudanganya. Anajisaidia na muguu. Mimi ule muguu sina."

Ni kweli, nilikuwa najisaidia. Nikaachia kila kitu: mguu, shingo, hata taya. Dada akanilaani mimi, Ujerumani yangu na siku niliyozaliwa, akaweka mkono nyuma ya goti langu na mwingine begani, na safari hii nikaenda polepole, bila kuumia.

"Tena," akasema mama. "Bado uko na haraka."